Wali wa Kwa Kaniki

Mjukuu wangu wa kike amepata kibanda karibu na stendi ya Ifakara, anataka kuuza wali. Juzi alikuja kwangu na ubao uliopigwa randa na kopo la rangi nyekundu, akaviweka mlangoni kama mtu aliyeleta posa, akasema, "Bibi, nipe jina." Kabla sijafungua mdomo akaanza kutaja ya kwake. Yote yalikuwa majina ya mbali, miji ambayo hajaiona. Nikamwuliza kwani hapa kwetu pana ubaya gani. Akacheka. "Jina likiwa la hapa, Bibi, mtu anakuja na bei yake kichwani. Likiwa la mbali, anauliza bei kwanza, halafu anaona haya kukataa."

Nikamtuma maji, ingawa ndoo ilikuwa imejaa. Maneno yake yalikuwa yamenigusa mahali, na mimi sipendi mtoto aone nimeguswa. Hilo analolijua yeye kwa ujanja wa siku hizi, mimi nililijua kwa tumbo, nikiwa msichana wa kubeba sufuria kichwani, wakati wa Mwingereza bado, pale Kivukoni kwenye mto Kilombero.

Wewe mwenzangu wa zamani unapakumbuka. Palikuwa na pantoni ya mbao, wanaume wanaivuta kwa kamba ya chuma huku wakiimba. Malori ya kwenda Mahenge yalikuja kusimama pale, moja nyuma ya jingine, na ukifika pale, haraka zako zote umeziacha nyuma, unangoja mto ukuruhusu. Pananuka matope, samaki na dizeli. Usiku viboko wanakoroma kwenye matete mpaka unadhani wamelala chumba cha pili. Na mtu anayengoja, njaa inamjia hata kama alikula. Ndiyo maana mama alijenga banda lake pale, nguzo nne na paa la ukindu, baba alipokufa kwa homa.

Mama alikuwa anapika wali na kambale wa moshi kwa karanga. Mpunga tuliukoboa wenyewe, mimi, mama na mdogo wangu, mchi unapanda mchi unashuka, halafu ungo, halafu kuchagua punje zilizovunjika tukazile sisi. Wateja hawakulishwa chenga. Mama alisema mtu akikuta chenga kwenye sahani yake atajua umemhesabu kuwa kuku. Wali wake ulikuwa ukifunuliwa, harufu inavuka barabara. Nasema hivyo si kwa sababu ni mama yangu. Yeye kunisifia mimi hakuwahi, kwa hiyo na mimi simpendelei.

Lakini mama alikuwa mjane, na mjane wa kwetu anavaa kaniki. Unaijua kaniki, ile nguo nyeusi iliyokuwa ya mwisho kabisa kwa bei dukani kwa Mhindi, inayochuja rangi mpaka mabega yanabaki na weusi. Anaivaa mpaka ukoo wa mume umalize msiba: wamnyoe, akaoge mtoni, avikwe nguo safi. Na mwenye kutaja siku hiyo ni kaka wa marehemu. Mwaka ulikuwa umepita, lakini baba mkubwa, anayekaa Idete, alikuwa hajataja.

Sasa kulikuwa na dereva wa lori, Mngoni wa Songea. Sisi ni Wapogoro, na Mngoni na Mpogoro ni watani. Babu zao walishikana mikuki, wakachoka, wakaachiana midomo. Mtani anakuja msibani kwako anacheka, analala ndani ya kaburi ulilochimba anasema mpaka alipwe ndio atoke, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa, unatozwa. Dereva huyo siku ya kwanza alimwona mama ameinama jikoni na kaniki yake, moshi juu yake, akapiga kelele barabara nzima isikie: "Jamani, njooni tule hapa Kwa Kaniki! Wapogoro wanauza msiba wao!"

Watu wakacheka. Mama hakuinua hata kichwa. Utani ni utani. Lakini jina likapanda lori, likaenda, na liliporudi lilikuwa limeshika.

Nikueleze jina lile lilitufanya nini, maana ndiyo habari yenyewe. Msibani watu wanakulaje? Wanakula kimya. Hawachagui, hawasifii, chakula cha msiba hakisifiwi, ukikisifia ni kama unashukuru mtu kufa. Na hakuna anayetajiwa bei. Unakula, unanawa, unatoa ulichojaliwa kumpa mfiwa, hata senti moja yenye tundu, na hakuna wa kukuuliza. Basi watu walipokaa Kwa Kaniki, walikaa hivyo hivyo, wenyewe hawajui. Wakubwa kwa wadogo walikula wameinamisha vichwa. Wakimaliza walimwachia mama kitu kidogo kwenye mkeka kwa heshima kabisa, wakimwambia "Pole, mama," wakaondoka. Hawakuwa wezi. Walikuwa wanampa pole. Mama akitaja bei, mtu anamtazama kwa mshangao, kama amemsikia mfiwa anadai.

Wahenga wanasema chema chajiuza. Mimi nimekaa pale nikakiona chema kinapoa.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na hoteli yenye bati. Mwenyewe alitokea huko mjini, mtu wa suruali iliyonyooshwa, na juu ya mlango alikuwa ametundika ubao wa rangi ya bluu umeandikwa RAHA LEO. Mabenchi, meza, kitambaa cha plastiki chenye maua. Sahani moja pale ilikuwa na bei ya sahani mbili za kwetu, kama za kwetu zingelipwa. Na watu walilipa. Karani wa pamba, wakulima waliouza mpunga wao, hata wavuvi waliotuuzia sisi kambale. Walikaa wima, wakasema kwa sauti, "Hapa ndipo penye wali!"

Wali ule ulikuwa wa mama.

Mpishi wa mwenye hoteli alikuwa amemkimbia, na yeye mwenyewe akipika, wali unakuwa uji juu na makaa chini. Akamwendea mama kimya kimya, akamwambia atanunua sufuria nzima nzima, kwa bei yake yeye, na sharti moja. "Siku nitakapolisikia neno hili mdomoni mwa mtu, sichukui tena." Mama akakubali, kwa sababu wale wa pole hawakutosha hata chumvi. Kila alfajiri mimi na mdogo wangu tulibeba sufuria, tunazunguka nyuma ya matete, njia ya viboko, tunaingia kwa mlango wa uani. Mama alituweka mbele yake akatushika masikio, mimi la kulia na mdogo wangu la kushoto. "Mkisema, tumekwisha."

Tulijua maana yake. Baba mkubwa alikuwa ameshasema mbele ya wazee wa ukoo: mama akiweza kuwalisha watoto wa marehemu hadi mavuno, atamaliza msiba na kumwacha akae anapotaka. Akishindwa, watoto watakwenda Idete kwake, na yeye mama arudi kwa kaka zake ng'ambo ya mto, Mahenge. Mama alimjibu, "Shemeji, nivue kaniki kwanza, ndipo nitaweza." Baba mkubwa akasema, "Weza kwanza, ndipo nikuvue." Basi. Ukisikia mtu amefungwa kwa kamba isiyoonekana, ndiyo hiyo.

Masika ya mwaka ule mto ulikuja na hasira. Maji yalipanda mpaka gati ikazama, pantoni ikafungwa kwenye miti, malori yakajipanga hadi nje ya macho. Yule dereva Mngoni naye alikwama. Alilala chini ya lori lake, uso kwenye matete. Alfajiri moja tunapita na sufuria, tukasikia sauti kutoka kati ya magurudumu: "Shikamooni wakwe zangu! Mbona mnapita njia ya nyoka na msiba kichwani?"

Tukakimbia. Wali haukumwagika, namshukuru Mungu. Tulimwambia mama. Mama akaendelea kugeuza wali, akasema, "Mtani hana kifuniko." Tangu hapo kila yule dereva alipofungua mdomo kucheka na wenzake, mimi nilisogea karibu nisikie anasema nini. Akitutazama, anatikisa kichwa, anafumba jicho moja. Akienda kwa mama kula, anakula kimya kama wengine. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi, mtani aliyenyamaza.

Baba mkubwa akaja katikati ya mafuriko yale, kabla ya mavuno. Alikuja na wazee wawili, wanasukuma baiskeli zilizojaa matope. Alipita mbele ya banda letu. Mama akapiga goti, "Shikamoo shemeji." Akaitika bila kusimama. Akatazama mkeka, zile senti mbili tatu zilizoachwa, watu wameinama wanakula kama wako matangani. Akawaambia wazee, "Mmeona wenyewe? Huyu haendeshi biashara. Anakusanya rambirambi za mdogo wangu." Akavuka barabara akaenda kukaa Raha Leo.

Umbali ulikuwa mdogo, tunamwona na kumsikia. Akaletewa sahani. Akamega tonge, akalitazama, akatia mdomoni. Akafumba macho. Mtu mgumu yule, sikuwahi kumwona akifumba macho kwa chakula, hata kwa Krismasi. "Huu sasa ndio wali!" akasema, ili na sisi tusikie. "Punje na punje, kila moja imesimama peke yake. Na kambale huyu! Wazee, kuleni. Mwambieni mke wa mdogo wangu aje asimame hapa mlangoni ajifunze watu wanavyopika." Mwenye hoteli alikuwa amesimama pembeni anapangusa meza ambayo ilikuwa kavu.

Mama alikuwa anageuza wali. Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja changu, akaning'ata, sikuutoa. Fikiri mwenyewe: tukisema, sufuria hainunuliwi tena, na nani angetuamini, watoto wa Kwa Kaniki? Tusiposema, tunaondoka.

Baba mkubwa akainua sauti. "Kesho asubuhi watoto nawachukua. Wafunge vitu vyao."

Mama akaweka mwiko chini. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiweka mwiko chini chakula kikiwa motoni.

Yule dereva alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu, sahani mapajani. Akainuka. Akaramba vidole, kimoja kimoja, akaja jikoni, akamwambia mama, "Mtani, nipishe." Akashika sufuria kubwa kwa majani ya mgomba, ya moto hivyo hivyo, akaipandisha begani. Nami nikajua, yamekwisha. Hakuzunguka kwenye matete. Akavuka katikati ya barabara, mbele ya malori, mbele ya watu wote, anacheza kama anayesindikiza bibi harusi, anaimba kwa sauti ya kupasua: Wapogoro wanaficha wali, wanaupitisha uani! Madereva wakainuka, na wavuta pantoni waliokuwa hawana kazi, wakamfuata. Akaingia Raha Leo kwa mlango wa mbele, akaitua sufuria mezani, juu ya maua ya plastiki, pwaa, mbele ya baba mkubwa.

"Ongeza, mzee," akasema. "Ni ule ule. Wakwe zangu wale wawili huwa wanauleta alfajiri, leo nimewasaidia."

Mwenye hoteli akapaza sauti kwamba ni uongo. Hakuna aliyemgeukia. Watu walikuwa wanaitazama sufuria, halafu sahani ya baba mkubwa, halafu sufuria. Mzee mmoja wa ukoo akachota kwa mkono kutoka kwenye sufuria, akatafuna polepole, akatazama chini.

Baba mkubwa akasimama. Uso wake ulikuwa umevimba. "Mngoni, unanifanyia mchezo na msiba wa ndugu yangu?"

"Msiba gani?" dereva akasema. Hapo alikuwa hachezi tena. "Mimi ndiye niliyelitoa lile jina Kwa Kaniki, nalijua uzito wake. Tangu nilitoe, watu wanakula pale hawasemi neno, kwa sababu chakula cha msiba hakisifiwi. Sivyo, wazee? Hakisifiwi. Sasa leo mwenye msiba mwenyewe, kaka wa marehemu, amekula chakula cha msiba wake, amefumba macho, amekisifia mbele ya mji mzima. Amesema kila punje imesimama. Mnataka nani mwingine aje aseme msiba umekwisha? Marehemu?"

Mimi nilikuwa nimevuka barabara bila kujijua, nimesimama karibu kabisa, naona jasho linashuka kwenye sikio la baba mkubwa. Angeweza kupiga. Alikuwa mtu wa kupiga. Lakini anayempiga mtani anajiaibisha mpaka kwa wajukuu, na wazee wake wawili walikuwa pale pale. Mmoja wao akaanza kucheka, kicheko cha kizee, kinachoanzia puani. Akasema, "Amekunasa kwa mdomo wako, mwanangu. Umetamka mwenyewe."

Baba mkubwa akakaa. Akavuta sahani yake. Akala mpaka akamaliza, hakuna aliyethubutu kuondoka. Kisha akanawa, akasema bila kumtazama mtu, "Maji yakipungua, anyolewe."

Hakuomba radhi, na sisi hatukungoja aombe.

Maji yalipopungua bibi, mama yake mama, alivuka kutoka Mahenge na kanga mpya imekunjwa kwenye kikapu. Wakamnyoa mama, akaoga mtoni, kaniki ikaachiwa maji yakaenda nayo. Niliitazama mpaka ikazunguka kona ya matete. Nilidhani na jina limekwenda nayo. Mtoto ana akili gani?

Mwenye hoteli alikuwa ameacha kuchukua sufuria tangu siku ile ile, kama alivyoahidi. Akaleta mpishi mwingine. Na usidhani Raha Leo ilianguka. Wageni wa mjini waliendelea kukaa pale, wakala wali usio na mbele wala nyuma, wakalipa, wakausifia. Waliliona lile bati na ule ubao wa bluu. Macho yalikuwa yameshakula kabla ya mdomo.

Kwetu mteja wa kwanza alikuja, akala ameinama, akaacha senti yenye tundu mkekani, akasema, "Pole, mama." Mama na kichwa chake kinachong'aa na kanga yake mpya akaiokota ile senti, akamrudishia mkononi, akamkunjia vidole. "Msiba umekwisha, baba. Lipa."

Akalipa. Na wa pili akalipa. Watu walimshauri abadilishe jina, aandike ubao, yule dereva mwenyewe alijitolea kuleta rangi. Mama alikataa. "Jina hili limekula sana kwangu," alisema. "Sasa lifanye kazi." Ikachukua misimu, lakini ikafika siku madereva walikuwa wanavumilia njaa tangu Ifakara mjini ili wale Kwa Kaniki, na mtu akisikia bei akiguna, wenzake wanamwambia, "Kwani hujui uko wapi?" Mwanamke mmoja ng'ambo naye akaliita banda lake Kwa Kaniki, na wala hakuwa amefiwa na mtu. Mama alipoambiwa, akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho.

Mjukuu wangu aliporudi na maji nilikuwa nimemaliza kukumbuka, na nikafanya kosa la kumsimulia. Akarukia brashi. "Bibi! Hilo hilo! Kwa Kaniki!" Nikamnyang'anya. Nikamwambia lile jina mama yangu alilivaa mwilini mpaka likamchujia mabegani, yeye hawezi kuliokota kwa kopo la rangi. Aweke la mbali kama anataka, watu watalipa mara ya kwanza. Ya pili watalipa kwa alichopika. Alinuna, akaondoka na ubao wake mtupu.

Jana nilimwomba baba yake anipitishe Kivukoni kwa pikapu yake. Sasa pana daraja kubwa la zege, hata mto hausikiki ukiwa juu yake. Nilitafuta kwa macho lilipokuwa banda, na lilipokuwa bati la Raha Leo. Matete. Nikamwambia asimamishe gari, akasema hapa hairuhusiwi kusimama, Mama. Kabla sijamaliza kugeuza shingo tulikuwa tumeshafika ng'ambo. Siku hizi mtu anavuka Kilombero kabla hata maji ya wali hayajachemka.